Kusoma sayansi za afya na takwimu kwa kozi za vyuo vikuu mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya, na takwimu nimezisoma usiku, zamu ikitulia. Maswali haya nimeulizwa na wauguzi, wafamasia, watu wa maabara na wale wa dawati la takwimu, wengine kwa simu, wengine koridoni baada ya kikao cha asubuhi. Yanajirudia mno, nikaona niyaandike mara moja.

Kozi hizi ni nini hasa? Ni chuo au ni video tu?

Ziko katikati. Mhadhiri ni wa chuo kweli, na mada ni zilezile anazofundisha darasani kwake. Wewe unazipata kwa vipande vya video vya dakika tano hadi ishirini, maswali ya kujipima, na mara nyingine kazi ya kuandika ambayo husahihishwa na wanafunzi wenzako. Hakuna mtihani wa kuingia.

Mwaka wa kukumbuka ni 2012. Ndipo tovuti ya kozi hizi iitwayo Coursera ilipoanzishwa na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Andrew Ng na Daphne Koller, na vyuo vya Harvard na MIT wakaanzisha yao, edX. Afya na takwimu ziliingia mapema sana. Mwaka huohuo Harvard ilitoa kozi ya mbinu za takwimu katika utafiti wa tiba na afya ya jamii, ikifundishwa na Earl Francis Cook na Marcello Pagano. Shule ya afya ya jamii ya Johns Hopkins nayo ikaleta kozi za Brian Caffo, Roger Peng na Jeff Leek. Uingereza wana FutureLearn, ambako shule ya tiba za kitropiki ya London imewahi kufundisha mambo yanayotuhusu moja kwa moja, Ebola ikiwemo.

Ukitaka kujua zilivyosambaa, mwaka 2020 Johns Hopkins walitoa kozi fupi ya kufuatilia waliokutana na wagonjwa wa UVIKO-19, na waliojiandikisha walipita milioni moja.

Nianze na kozi ipi?

Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, na mimi nilianguka. Nilichagua kozi yenye neno "hisabati" kwenye jina kwa sababu ilionekana nzito, nikidhani uzito ndio elimu. Kabla wiki ya pili haijaisha mhadhiri alikuwa anafanya intego ubaoni, nami nimekaa na daftari, nimeandika tarehe tu. Nikafunga kompyuta, na nikakaa miezi saba bila kuigusa tena.

Ningekuwa naanza leo ningekwenda hivi. Kwanza epidemiolojia ya msingi, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii, kwa sababu ina hadithi na inagusa kazi unayoifanya. Utakutana na daktari John Snow na pampu ya maji iliyoeneza kipindupindu Broad Street, Soho, London, mwaka 1854, maana kila mwalimu wa somo hili huanzia hapo. (Nasi tuna wetu wa kukumbuka. Daktari James Christie alikuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha 1869–70, akafuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara ya bara na majahazi. Wahadhiri wa ng'ambo hawamtaji, mtaje wewe.)

Baada ya hapo ndipo takwimu za afya zinazofundishwa kwa maelezo kuliko kwa fomula. Za John McGready wa Johns Hopkins zilinifaa mimi. Anasema jambo moja mara tatu kwa njia tatu, na kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku hiyo ni rehema. Programu ya kompyuta iwe ya tatu. Anayeanza na programu bila kujua anatafuta nini huishia kuchora grafu nzuri zisizosema kitu.

Hesabu nilipata F kidato cha nne. Nitaweza?

Utaweza ya msingi. Unahitaji sehemu, asilimia, uwiano, kusoma grafu, na kutoogopa alama za Kigiriki. Logi zitakuja baadaye, na safari hii hutahitaji kile kitabu chenye majedwali ya tarakimu nne tulichokuwa tunaazimana chumba cha mtihani. Kompyuta inapiga hesabu. Kazi yako ni kujua imepiga ya nini.

Nimeona watu wa F wakiwapita watu wa A, kwa sababu wa F huuliza "hii namba inamaanisha nini?" na wa A tayari ameshaiingiza kwenye fomula.

Nipe mfano wa kitu kimoja nitakachojifunza na kukitumia kesho kazini.

Chukua kipimo cha haraka cha ugonjwa wowote. Tuseme kinawagundua wagonjwa 90 katika kila wagonjwa 100, na kinawaruhusu bila kosa wazima 95 katika kila wazima 100. Namba hizi ni za mfano tu. Mtu amepimwa, mstari wa pili umetokea. Je, ana uwezekano gani wa kuwa mgonjwa kweli?

Karibu kila ninayemuuliza hujibu asilimia 90. Sasa chukua karatasi.

Weka watu 1,000 mahali ambapo ugonjwa ni nadra, wagonjwa ni 20 tu. Kipimo kitawakamata 18 kati yao. Wazima ni 980, na asilimia 5 yao watasomeka wagonjwa kimakosa, yaani watu 49. Waliotokewa na mstari wa pili ni 18 na 49, jumla 67. Wagonjwa wa kweli humo ni 18. Hiyo ni kama asilimia 27. Robo na ushee!

Hamisha kipimo kilekile mahali ambapo wagonjwa ni 400 kati ya 1,000. Kitakamata 360, na kati ya wazima 600 kitakosea kwa 30. Sasa 360 kati ya 390 ni wagonjwa kweli, asilimia 92.

Kipimo hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni mahali. Ndiyo maana mstari wa pili hausomwi kwa uzito uleule Tabora na Kilimanjaro, ambako malaria ni haba mno ukilinganisha. Nilipoielewa hii mara ya kwanza ilikuwa saa nane za usiku, nikamwita muuguzi wa zamu nimwonyeshe. Aliangalia karatasi, akasema, "Kwa hiyo dokta, wale wote tuliowapa dawa mwaka jana...?" Hatukuimalizia sentensi.

Thamani ya p ni nini? Kila mtu ananieleza vyake.

Kwa sababu wengi wanaeleza kinyume. Jiulize hivi: kama kweli dawa mbili ninazozilinganisha hazina tofauti yoyote, ni mara ngapi bahati peke yake ingenipa tofauti kubwa kama hii niliyoiona, au zaidi? Jibu ndilo thamani ya p. Ikiwa 0.03, ni mara 3 katika 100. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 3 kuwa dawa haifanyi kazi. Hapo ndipo watu wanapoteleza, na baadhi yao wana shahada ya uzamivu.

Kuna na mtego wa tafsiri. Matokeo yakiwa chini ya 0.05, Kiingereza hutumia neno ambalo wengi wetu tunalitafsiri "muhimu". Sasa dawa ikishusha presha kwa pointi moja tu, lakini ikajaribiwa kwa watu elfu ishirini, thamani ya p inaweza kuwa ndogo ajabu, na mgonjwa asipate faida yoyote ya kumfanya anunue hata panadoli. Mimi nasema "matokeo ambayo bahati tu haiyaelezi vizuri". Ni refu, lakini halidanganyi.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Itakuwaje?

Washa maandishi chini ya video, punguza kasi, na andika maana kwa Kiswahili kwenye daftari lako mwenyewe. Lugha ya somo hili ni ya kujirudia. Ukishajua maneno kama mia mbili, umepita.

Ila Kiswahili nacho kina mitego yake hapa. "Takwimu" tunaiita data, na tunaiita somo lenyewe. "Kiwango" kinabeba kasi ya maambukizi, kiasi cha dawa kwenye damu na ubora wa huduma, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo nikiandika kiwango, naongeza: kati ya nani, kwa muda gani. Idadi ya wanaoishi na ugonjwa leo ni kitu kimoja, na maambukizi mapya ndani ya mwaka ni kitu kingine. Kwa VVU tofauti hiyo ni ya kushangaza, maana dawa zikifanya kazi watu wanaishi, na wanaoishi na virusi wanaweza kuongezeka huku maambukizi mapya yakipungua. Mwandishi wa habari asiyejua hilo atatangaza balaa siku ya kusherehekea.

Wale vijana wa mikeka wanadhani wanaijua "odi" kuliko mimi. Odi ya kampuni ya kubeti ni malipo. Odi ya kwenye takwimu ni waliopata dhidi ya wasiopata. Mmoja katika watano akiugua, uwezekano ni asilimia 20, lakini odi ni 1 kwa 4, yaani 0.25. Ukizichanganya utaandika kwamba hatari imeongezeka mara tatu kumbe haijafika.

Nahitaji kompyuta gani na programu gani?

Kompyuta mpakato ya kawaida yenye RAM ya GB 4 inatosha kuanzia. Simu inatosha kwa video na maswali, haitoshi kwa uchambuzi. Usijidanganye.

Programu inayofundishwa zaidi ni R, na ni bure kabisa. Ilianzishwa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman. Majina yote mawili yanaanza na R, ndiyo mzaha wenyewe. Kuipakua ni chini ya MB 100. Juu yake watu huweka RStudio, ambayo ni nzito zaidi. Vyuo vingine hutumia Stata au SPSS, ambazo ni za kulipia, na nakala za kwenye flashi za mtaani huja na virusi vyake. Jamovi ni bure na inafanana na SPSS kwa kubofyabofya. Kwa wale wa uchunguzi wa milipuko, Epi Info ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, imekuwa ya bure pia.

Excel? Itumie, lakini hifadhi faili la asili ambalo hakuna anayeligusa. Nimeshuhudia mtu akipanga safu moja ya umri kutoka mdogo hadi mkubwa na kuziacha safu nyingine pale pale. Bibi wa miaka sabini akawa amejifungua mapacha.

Gharama ni kiasi gani? Na bando je?

Kujiandikisha ni bure. Kwa miaka mingi ulicholipia kilikuwa cheti, na mara nyingi mazoezi yanayosahihishwa. Kwenye Coursera programu nyingi zimekuwa dola 49 kwa mwezi, kwa hiyo kasi yako ndiyo bei yako. Kwenye edX unalipa kozi kwa kozi, na ukisoma bila kulipa muda wa kufungua masomo una kikomo. Masharti hubadilika na milango ya bure imekuwa ikibanwa, kwa hiyo soma ukurasa wa malipo kabla hujaweka kadi.

Coursera wana msaada wa ada. Unaandika maelezo kwa nini huwezi kulipa na utaitumiaje elimu, kisha unasubiri kama wiki mbili. Wenzangu watatu wamepata. Andika ukweli wa mshahara wako na kazi yako, usinakili maelezo ya mtu. Na omba kabla hujamaliza kozi uliyonayo, ili jibu lije ukiwa tayari.

Bando: pakua video kwenye programu ya simu ukiwa penye Wi-Fi, chagua ubora wa chini kabisa. Slaidi za takwimu ni namba na mistari, hazihitaji picha ya sinema. Bando la usiku, kama mtandao wako unalo, ndilo rafiki wa mtu wa zamu.

Cheti kinatambulika?

Inategemea unampelekea nani. Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutambua tuzo za vyuo vikuu, yaani stashahada, shahada na kuendelea. Cheti cha kozi ya wiki sita si tuzo ya aina hiyo, hata kama juu yake kuna nembo ya Harvard. Hakikupandishi daraja serikalini. Kwenye miradi ya utafiti na mashirika hali ni tofauti kidogo: cheti hufungua mazungumzo, halafu wanakupa faili la data na saa mbili. Hapo ndipo wanapojua.

Kuhusu pointi za mafunzo endelevu, uliza baraza la taaluma yako kabla hujaanza. Usiulize baada ya kumaliza.

Naweza kuwa muuguzi au daktari kwa kusoma mtandaoni?

Hapana. Leseni inataka mafunzo kwa vitendo, wodini, kwa wagonjwa, chini ya msimamizi. Anayekuuzia udaktari wa mtandaoni anakuibia.

Kinachowezekana ni mtu mwenye taaluma tayari kujiendeleza. Kenya walionyesha njia tangu 2005, Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walipoanza kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada kwa masomo ya kompyuta, huku vitendo vikibaki hospitalini. Muuguzi hakuacha kituo, na kituo hakikubaki bila muuguzi.

Na shahada kamili ya uzamili?

Zipo. Shule ya London iliyotajwa hapo juu hufundisha epidemiolojia na afya ya jamii kwa masafa, na Johns Hopkins wana uzamili wa afya ya jamii mtandaoni. Ada yake ni ya dunia nyingine. Bila ufadhili, sikushauri ukauze kiwanja. Hapa nyumbani Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili hasa ya watu walio kazini. Pitia kwanza orodha ya programu zake za sasa kabla ya kutazama ng'ambo.

Data za kufanyia mazoezi nitazipata wapi?

Kozi zinakuja na zake, na R ina za ndani. Lakini utajifunza haraka zaidi kwa data za kituo chako, na hapo nina kisa.

Nilichukua mahudhurio ya wajawazito kutoka kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za afya vituoni) namba 6, miezi sita: 120, 115, wazi, 130, 125, wazi. Miezi miwili ilikuwa haijajazwa. R ikikuta nafasi wazi hukataa kukupa wastani, inaandika "NA", yaani haipo, na kukutazama. Nikaona inanisumbua. Nikajaza sifuri. Wastani ukaja karibu 82 kwa mwezi, nikachora grafu inayoporomoka, nikaipeleka kikaoni kwa kujiamini kabisa: kina mama hawaji kliniki.

Mganga mfawidhi akauliza swali moja tu. "Mwezi wa tatu hakuja hata mmoja?" Dada wa kliniki ya wajawazito akainua macho. Mwezi wa tatu wajawazito walipanga foleni hadi barazani, na fomu ilikosa kujazwa kwa sababu mhusika alikuwa likizo ya uzazi yeye mwenyewe. Ukiiacha wazi iwe wazi, wastani wa miezi minne ni 122 na nusu. Kliniki haikuwa na tatizo la wateja, tatizo lilikuwa la mtu wa kujaza fomu. Kozi ilikuwa na video nzima juu ya data zinazokosekana. Niliiruka kwa sababu haikuwa na maswali ya alama.

Mambo mawili hapo. Usitoe majina wala namba za simu za wagonjwa nje ya kituo, na usipakie rejista kwenye tovuti yoyote. Pata ruhusa ya mfawidhi hata kwa mazoezi. Ukitaka kuchapisha, huo ni utafiti, na una njia yake ya vibali vya maadili hadi NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Na kama unatumia DHIS2 kazini, ule mfumo wa kompyuta wa kukusanyia taarifa za afya, Chuo Kikuu cha Oslo wanaoitengeneza wana mafunzo ya msingi ya bure mtandaoni. Yafanye hata kama unadhani unaijua.

Kwa nini watu wengi hawamalizi?

Kwa sababu kuacha hakuna gharama. Kwenye kozi za Harvard na MIT za edX, mwaka 2017–18 waliomaliza walikuwa kama 3 katika kila 100 waliojiandikisha. Kwa waliolipia cheti, karibu nusu. (Na kwa kuwa tunasoma takwimu: je, pesa ndiyo iliyowamalizisha, au wenye nia ya kumaliza ndio waliolipa? Jibu swali hilo vizuri na umeshaelewa nusu ya epidemiolojia.)

Kilichonisaidia mimi ni mtu wa pili. Tulikuwa wawili, mimi na mtu wa maabara, Jumatano saa kumi na moja jioni. Asiyefanya zoezi ananunua chai na vitumbua. Nilinunua vitumbua vingi mwezi wa kwanza.

Nitumie akili bandia kujibu mazoezi?

Itumie ikueleze sentensi usiyoielewa, au ikutafutie kosa kwenye maagizo uliyoiandikia R. Ikikuandikia jibu la kazi, umevunja masharti ya kozi na bado hujui kitu. Nayo hukosea kwa sauti ya kujiamini, hasa kwenye maswali ya uwezekano. Ipe ule mfano wa watu 1,000, kisha uhakiki kwa karatasi.

Unaweza kunifanyia zoezi la wiki ya tatu? Nalipa.

Siwezi. Njoo Jumatano na karatasi yako, na vitumbua.